Safari ya Katavi Ianzie Sumbawanga



Kila kiangazi ndege ndogo huwashusha Katavi wageni waliotoka Ulaya na Marekani, watu walioweka akiba kwa muda mrefu ili wapate siku tatu nne za kutazama viboko na nyati. Kiangazi hicho hicho, mwalimu wa Sumbawanga aendaye Mpanda kwa basi huipita hifadhi hiyo hiyo katikati, amefunga dirisha kwa kuogopa mbung'o, naye amesinzia. Akifika huuliza habari za mishahara. Mmoja amelipa fedha nyingi ili aone. Mwingine amepita mlangoni wala hakutupa jicho. Jambo hili si la kuchekwa tu.

Mwezi wa Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza Arusha kwamba wanyama wa porini ni dhamana ambayo nchi itaitunza kwa ajili ya wajukuu. Inasimuliwa pia kuwa yeye binafsi alikiri hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila aliamini kuwa baada ya almasi na katani, wanyama ndio watakaoiletea nchi mapato makubwa. Kwa upande wa mapato hakukosea: katani imepoteza enzi yake, na utalii umepanda. Lakini wako wengi waliolishika neno la mamba na la mapato, wakaliacha lile la dhamana. Kwao hifadhi ni duka la wageni, na mwenye nyumba hana haja ya kuingia dukani mwake. Ubaya wa fikira hiyo waonekana wazi mno katika njia itokayo Sumbawanga kwenda Sitalike.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa 1974, mwaka ule ule ambao Katavi ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hifadhi ilipanuliwa hadi kufikia kilometa za mraba 4,471. Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu ya mkoa mpya yakawa Mpanda. Asije mtu wa Sumbawanga akadhani kuwa tangu hapo habari za Katavi si zake. Mipaka ya mikoa huchorwa ofisini. Maji hayaisomi ramani hiyo.

Na safari hii, kwa hakika, ni safari ya maji. Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, mashariki liko Ziwa Rukwa, na yote mawili yako chini ya mji kwa kiasi cha mita 1,000. Juu ya mji uko msitu wa Mbizi, wenye mbega wekundu, na vijito vyake vya upande wa mashariki huteremka Rukwa. Nje ya mji msafiri huona nyasi hadi upeo wa macho, na mashamba ya matuta ya duara ambamo Mfipa hufukia majani yaoze ndipo apande. Mbolea ya kienyeji iliyokuwapo kabla bwana shamba hajazaliwa. Mahali pengine yamesalia magofu ya malungu, yaani matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, ambamo wazee waliyeyusha mawe wakapata chuma cha majembe. Mwalimu anayefundisha historia ya ufundi kwa kutaja Uingereza peke yake angesimamisha gari hapo kwanza.

Baada ya Chala na Namanyere, uwanda unafikia ukingo wake. Njia huteremka mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa, baridi inabaki nyuma, miombo inaanza, na mbung'o nao. Huyo mdudu asiyependwa na mtu ni sababu mojawapo ya ng'ombe kujaa juu uwandani na wanyama wa porini kusalia huku chini. Kisha miti inaachana, na mbuga ya Katavi inajitandaza, yenye makundi ya nyati, pundamilia, nyamera, na pengine sheshe. Karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju ambao wenyeji huamini kuwa ndani yake hukaa roho ya Katabi, mwindaji wa zamani, na wapitao huweka sadaka chini yake. Mahali hapo palikuwa na heshima yake kabla ya askari wa wanyamapori kuvaa sare.

Uhai wa mbuga hiyo wategemea mto mmoja, Katuma. Hutoka katika vilima vya upande wa Mpanda, hupita Sitalike, hujaza Ziwa Katavi na Ziwa Chada wakati wa masika, kisha maji yake hufuata mto Kavuu hadi Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoka. Kiangazi Katuma hupungua mpaka ukawa madimbwi. Hapo viboko hukusanyika, hata kufika 200 katika dimbwi moja, wakigombana ndani ya tope, na mamba hujificha katika mashimo ya kingo. Wageni hupiga picha na kusema ni ajabu. Ni ajabu kweli. Lakini si yote ni kazi ya maumbile. Juu ya hifadhi wakulima wa mpunga wamekuwa wakijenga mabanio kuyazuia maji ya Katuma, na wataalamu wameeleza kwa miaka mingi kuwa mto hukauka mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani.

Ni rahisi kumlaumu mkulima. Mchele wake huliwa na watumishi wale wale wanaosikitikia viboko, na magege wa Rukwa huliwa Sumbawanga bila mtu kuuliza maji yao yametoka wapi. Mkulima huyo hana budi kuishi, na mto hauna budi kufika ziwani. Kuyapatanisha hayo mawili ni kazi ya utawala na elimu, wala haiwezi kufanywa na watu ambao hawajauona mto wenyewe.

Kisingizio cha barabara kimepungua nguvu. Lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma, na sehemu kubwa ya njia ya Mpanda nayo imewekwa lami. Raia hutozwa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni. Shule isiyoweza kulala njiani yaweza kuanzia Kalambo, kwenye maporomoko yapitayo mita 200, mpakani na Zambia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, yaliyofukuliwa upande wa Zambia, yana umri wa miaka 476,000 hivi.

Wenye uwezo wa kufika Sitalike waende mara mbili, Machi na Septemba. Wanafunzi wasimame mahali pale pale karibu na daraja, wapime kwa macho upana wa maji, wahesabu viboko, waandike. Kisha wakiwa njiani kurudi waulizwe maji ya Machi yamekwenda wapi, na mwalimu asiwe na haraka ya kuwajibia.