Mizani ya Chakula cha Mtoto



Yako maradhi yasiyoambukiza, ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wawili walio wazima kabisa. Mojawapo ni yale matabibu wayaitayo fenilketonuria. Mwili wa mtoto huyo hukosa kimeng'enya cha kuvunja kitu kiitwacho fenilalanini, kilichomo ndani ya protini ya nyama, maziwa, mayai, samaki, maharage na karanga. Kitu hicho hulimbikizana katika damu na kuudhuru ubongo, na mtoto aliyezaliwa mwenye akili timamu hupumbaa kidogo kidogo mbele ya macho ya mama yake. Ikiwa baba na mama wote wawili wamebeba asili ya ugonjwa huo, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa sababu hiyo huonekana zaidi pale ambapo watoto wa ndugu huoana kizazi baada ya kizazi. Uturuki hupatikana mtoto mmoja katika kila 4,000 hivi. Kwa Waafrika ni nadra zaidi. Walakini Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo wamechanganya damu za bara, za pwani, za Uarabuni na za Bara Hindi, na nadra si sawa na hakuna.

Maradhi haya yalitambuliwa kwa sababu ya mama aliyekataa kunyamaza. Borgny Egeland, mwanamke wa Norway, alikuwa na watoto wawili waliopumbaa, akazunguka kwa tabibu huyu na yule akiuliza kisa chake, na pia sababu ya harufu ngeni iliyowatoka. Mwaka 1934 tabibu Asbjørn Følling aliutia dawa mkojo wa watoto wale, ukageuka kijani, na ndipo siri ilipofumbuka. Kwa wale wawili ilikuwa imekwisha chelewa. Mama mwingine, wa binti aitwaye Sheila, alimwendea tabibu Horst Bickel mjini Birmingham mara kwa mara kumdai dawa, hata tabibu yule na wenzake wakatengeneza maziwa yaliyotolewa fenilalanini; khabari zake zikachapishwa mwaka 1953. Miaka kumi baadaye, 1963, Robert Guthrie wa Marekani alitangaza kipimo cha tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga. Tangu hapo mtoto aliyepimwa mapema na kulishwa kwa hesabu hukua akasoma kama wenzake.

Hesabu yenyewe ndiyo kazi. Matabibu wengi huhesabu kila gramu moja ya protini kuwa na miligramu 50 za fenilalanini. Mtoto aliyekadiriwa miligramu 250 kwa siku, basi, ana gramu 5 tu za protini ya chakula cha kawaida tangu alfajiri hata usiku. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina protini gramu 8 au 9: kibakuli kimoja kidogo kinakaribia kumaliza posho ya siku mbili! Yai moja lina gramu 6. Lakini gramu 100 za muhogo au za ndizi mbichi hazina zaidi ya gramu moja na kitu, na hiyo ni bahati ya watu wa nchi hizi, kwani Mzungu mwenye mtoto kama huyo hulazimika kununua mkate wa namna ya pekee kwa fedha nyingi.

Siku hizi ziko programu za simu zinazofanya hesabu hii kwa mzazi: huandika chakula na uzani wake, nayo simu hujumlisha na kuonya posho inapokaribia kwisha. Ni msaada mkubwa. Lakini nyingi zimetungwa kwa jiko la Ulaya na Marekani. Zinajua jibini, hazijui sombe iliyotiwa karanga. Mzazi wa Kigali yafaa atafute katika intaneti majedwali ya vyakula ya Tanzania ya mwaka 2008 na yale ya Kenya ya mwaka 2018, ambamo ugali, kisamvu na ndizi vimepimwa, kisha aingize tarakimu hizo mwenyewe. Na anunue mizani ndogo ya jikoni. Simu haina macho. Ikiambiwa kijiko kimoja itaamini kijiko kimoja, hata kikiwa ni upawa.

Wala simu haipangi posho. Posho hupangwa na tabibu kwa kupima damu, naye huibadilisha mtoto akuapo. Tena mtoto akipata homa au akikosa kula, mwili hujila wenyewe na fenilalanini hupanda ingawa simu yaonyesha hesabu safi.

Jambo gumu kuliko yote halimo katika simu. Ni bibi mwenye huruma, au shangazi, ampaye mjukuu tonge la pilau sikukuu kwa kuwa "nyama kidogo haidhuru." Inadhuru. Jamaa wote hawana budi kuelezwa, na mwalimu wa chuo pia, maana watoto hugawiana vitafunio. Soda zisizo na sukari nazo zitazamwe maandishi yake: utamu uitwao aspatame una fenilalanini.

Maziwa ya dawa ni ghali, wala hayauzwi katika kila duka. Familia ya mchuuzi haiwezi kuyabeba peke yake mwaka hata mwaka, na hapa ndipo mfuko wa jumuiya unapopata kazi iliyo dhahiri kuliko kupaka rangi ukumbi.

Imebaki habari ya saumu. Kijana mwenye maradhi haya asianze kufunga kwa kuona haya mbele ya wenzake, bali wazazi wamwulize tabibu na mwanachuoni kabla ya Shaabani kwisha. Na binti aliyeyarithi, akifika kuolewa, mume aambiwe mapema. Kwani yampasa ashike chakula chake kwa ukali kabla ya kuchukua mimba, la sivyo damu yake humdhuru mtoto tumboni hata kama mtoto huyo hakurithi ugonjwa.