Lumbesa ya Sarafu: Fedha ya Dodoma Inavyopungua Njiani Kwenda Poland

Mada kwa viongozi wa SACCOS na wazazi wenye watoto wanaosoma ng'ambo, Dodoma

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutuma fedha nje, na wengi walioniandikia kabla ya semina wana watoto Poland. Nitaanzia hapahapa mjini, kwenye vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) pale Kizota.

Vihenge hivyo ni sehemu ya mradi uliogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland, wenye lengo la kupandisha uwezo wa Wakala wa kuhifadhi nafaka kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000 katika maeneo manane. Mmoja wa wajenzi ni kampuni ya Feerum, yenye kiwanda katika mji wa Chojnów. Angalieni sarafu zilivyopishana hapo. Sisi tunauza mahindi kwa shilingi, deni linahesabiwa kwa dola, na fundi wa Chojnów analipwa mshahara kwa zloti. Dola ikipanda, mwenye deni anaumia. Dola ikishuka, mwenye kiwanda ndiye anayekuna kichwa. Wakubwa hawa hukaa mezani mapema na kuandika kwenye mkataba malipo yatakuwa kwa sarafu gani, maana wanajua kwamba kuchagua sarafu ni kuchagua nani abebe hasara. Mzazi wa Kongwa anayetuma ada ya mtoto naye ana uchaguzi huohuo, ila hakuna anayemwambia.

 

Poland iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 lakini haikuiacha sarafu yake. Dukani Warsaw mkate unanunuliwa kwa zloti, na yuro ni fedha ya kigeni kama ilivyo kwetu. Wazazi wengi hudhani wakishatuma yuro kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imefika nusu ya njia, kwa sababu zloti huioni kwenye ubao wa maduka yetu ya kubadilishia fedha. Shilingi lazima igeuke yuro au dola kwanza, ndipo igeuke zloti, na kila inapogeuka kuna anayemega.

Wakulima mliopo hapa mnaijua lumbesa. Mnunuzi anakutajia bei nzuri ya gunia, unafurahi, kisha gunia linashonewa kilemba na unapakia debe mbili za ziada. Bei haikukudanganya, kipimo ndicho kilichokula. Kwenye fedha za kigeni, bei inayotajwa kwa sauti ni ada ya kutuma, na kilemba ni kiwango cha kubadilishia. Ndiyo maana tangazo la "tuma bila makato" halinishtui. Huenda ni kweli kabisa.

Tupige hesabu kwa viwango vya mfano. Tuseme sokoni, katikati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, yuro 1 ni shilingi 2,900 na pia ni zloti 4.25. Mtoto anahitaji zloti 4,250 za hosteli, yaani yuro 1,000, yaani shilingi 2,900,000. Mzazi anaingia benki. Yuro anauziwa kwa 2,970, kwa hiyo analipa 2,970,000, na juu yake ada ya kutuma 60,000. Jumla 3,030,000. Njiani kuna benki ya kati inayopokea na kupitisha. Nayo inakata yuro 15. Zinafika 985. Akaunti ya mtoto ni ya zloti, hivyo benki ya kule inazigeuza yenyewe, bila kuuliza, kwa 4.12 badala ya 4.25. Mtoto anaona zloti 4,058 na senti kidogo. Anampigia baba: "Baba, hela haijatimia." Baba anaitazama risiti, anaona ada ya 60,000 tu, na anaanza kumshuku mtoto.

Kwa bei ya katikati, hizo zloti 4,058 ni kama shilingi 2,769,000. Zimepotea karibu 261,000, na risiti ya mzazi imekiri 60,000, chini ya robo. Fikirieni mzazi huyo ameuza mahindi yake sokoni Kibaigwa kupata hiyo 261,000.

Kama angetuma dola, fedha ingepita sarafu isiyotumika Dodoma wala Poland. Tena dola ina mambo yake: mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,600, watu wakawa wanaitafuta kwa tochi, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 2,400. Aliyenunua dola mapema kwa hofu alijuta, aliyesubiri alipona kwa bahati. Mimi sishauri mzazi acheze na bei ya dola.

Ninachoshauri kiko upande wa pili wa njia. Mtoto afungue akaunti ya yuro kulekule Poland. Benki nyingi za huko zinaruhusu. Fedha ikifika inakaa kama yuro, na yeye ndiye anayeamua wapi aigeuze. Duka la kubadilishia fedha wanaliita kantor, na ziko pia za mtandaoni. Akipata 4.22 kwa zile yuro 985 anapata zloti 4,156. Hizo ni zloti 98 zaidi, kama shilingi 67,000, kwa kubadili akaunti tu. Asigeuzie uwanja wa ndege. Na mashine ya fedha ikimuuliza kama anataka kadi ya nyumbani ikatwe kwa shilingi, ajibu hapana, achague zloti. Swali hilo huja limevaa sura ya msaada, na kiwango chake huwa kibaya.

Turudi upande wa mtumaji: kwenye fomu ya benki pana kisanduku chenye herufi OUR, SHA na BEN. Ya kwanza maana yake mtumaji analipa makato yote, ya pili mnagawana, ya tatu anabeba mpokeaji. Karani akiwa na foleni hujaza SHA bila kukuuliza. Chuo kikidai kiasi kamili, jaza OUR, la sivyo utaambiwa ada haijakamilika kwa sababu ya yuro 15.

Wenye ndugu Ujerumani wana njia nyepesi. Tangu tarehe 15 Desemba 2019 benki za Umoja wa Ulaya, hata za nchi zisizotumia yuro, haziruhusiwi kutoza muamala wa yuro wa kuvuka mpaka zaidi ya muamala wa ndani wa nchi yao. Mjomba aliye Berlin anaweza kumtumia mpwa wake yuro kwa gharama ndogo sana, nawe ukamrudishia kwa shilingi huku nyumbani. Hayo ni ya ndugu kwa ndugu. Ukianza kuwafanyia majirani kwa faida umeshafungua biashara ya malipo, na hiyo inataka leseni ya Benki Kuu.

Kwa SACCOS nina ombi moja. Benki Kuu ya Poland hutangaza kiwango cha wastani cha zloti kila siku ya kazi, mnamo adhuhuri ya kwao, na yetu hutangaza cha shilingi. Katibu aandike vyote viwili ubaoni kila Jumatatu, na mwanachama aliyetuma fedha wiki hiyo aandike kando yake alilipa shilingi ngapi na mtoto alipokea zloti ngapi, pamoja na jina la njia aliyotumia. Nani atakubali kuanika hesabu zake mbele ya wenzake ni suala ambalo naomba tulijadili kabla ya chai.