Kazi Inayomfaa Fundi Aliyeumia

Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi, waajiri na wananchi, Sengerema



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kutusikiliza. Tunajua kwamba saa ya fundi ina thamani, na kwamba zege likishachanganywa halimngoji mtu. Kwa hiyo hatutarefusha maneno. Tumekuja kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni namna fundi aliyeumia anavyoweza kurudi kazini bila kuumia tena na bila kupoteza ajira yake.

Tuanze na mfano. Hatumsemi mtu yeyote aliye hapa, ingawa huenda wengi wenu mkaona kwamba habari hii mnaifahamu. Fundi mwashi ameanguka kutoka kwenye jukwaa na kuvunjika mkono wa kulia. Amefungwa plasta, imeondolewa, mfupa umeunga, lakini mkono bado hauna nguvu. Siku hiyohiyo msimamizi anampigia simu: "Unarudi lini? Nikitafuta mtu mwingine usinilaumu."

Mbele ya fundi huyu huonekana milango miwili. Wa kwanza ni kurudi mara moja, kubeba mifuko ya saruji ya kilo 50 na kuomba Mungu mkono usikatae. Wa pili ni kukaa nyumbani hadi apone kabisa, huku karo na kodi ya nyumba vikimngoja, na huku nafasi yake ikichukuliwa. Mlango wa kwanza huweza kugeuza jeraha la miezi michache kuwa ulemavu wa maisha. Wa pili humfanya mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi ajione mzigo katika nyumba yake mwenyewe.

Upo mlango wa tatu. Fundi hurudi mapema, lakini hurudi kwenye kazi inayolingana na hali ya mwili wake, kwa muda uliopangwa, huku daktari akifuatilia. Hiyo ndiyo tunayoiita kazi inayomfaa.

Tunaomba msikilize kwa makini tofauti iliyopo kati ya kazi nyepesi na kazi inayofaa. Wengi hudhani ni kitu kimoja. Mtu aliyeumia mgongo akiambiwa akae getini akilinda kutwa nzima, kazi hiyo huonekana nyepesi. Lakini kukaa saa 8 juu ya kigoda kunaweza kuuchosha mgongo ule kuliko kutembea na kukagua vifaa. Mchomeleaji aliyeungua jicho akipewa kazi ya kufagia karakana ambamo mashine ya kukatia vyuma inarusha cheche na vumbi, amepewa kazi nyepesi isiyomfaa hata kidogo. Kazi inayofaa hupimwa kwa jeraha, wala haipimwi kwa jina la kazi.

Basi mwashi wetu afanye nini? Mkono wake wa kulia haubebi, lakini macho yake bado yanaujua ukuta uliopinda. Anaweza kusoma ramani, kupima misingi, kuhesabu matofali na nondo, kuwaelekeza wanagenzi, kukagua uwiano wa mchanga na saruji. Seremala aliyekatwa kidole anaweza kupima mbao na kupokea oda za wateja kabla ya kurejea kwenye mashine. Sehemu kubwa ya ufundi imo kichwani, na kichwa hakikuvunjika.

Jambo hili hupangwaje? Kwanza, taarifa. Ukiumia kazini, mwambie mwajiri wako mapema iwezekanavyo, na uwe na mtu aliyeshuhudia. Mwajiri naye anatakiwa kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Jeraha lisiloripotiwa huwa gumu kulithibitisha baadaye.

Pili, neno la daktari. Usiridhike na cheti kinachosema "apumzike" au "afanye kazi nyepesi" na kuishia hapo. Mweleze daktari kazi yako ilivyo: unabeba uzito gani, unapanda juu kiasi gani, unashika mashine ipi. Kisha umwombe aandike usichopaswa kufanya na kwa muda gani. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, anayepelekwa Bugando kwa uchunguzi hana tena sababu ya kungoja kivuko. Msiache tarehe za kurudi kwa daktari zipite.

Tatu, makubaliano ya maandishi. Karatasi moja yatosha. Iandikwe kazi utakazofanya, ambazo hutafanya, saa za kazi, malipo, na siku ya kukutana tena kuangalia maendeleo. Kila upande ubaki na nakala. Kazi inayofaa ni daraja la kupita, na daraja lina mwanzo na mwisho. Lisilo na mwisho humwacha fundi katikati ya maji.

Nne, kupandisha kazi hatua kwa hatua. Nguvu ikirudi, kazi iongezwe kwa idhini ya daktari. Hapa pana mtego ambao tumeuona mara nyingi: siku ya kwanza fundi anahesabu matofali, siku ya tatu anaambiwa "saidia hapa kidogo", na wiki ikiisha amekwisha kupanda jukwaani. Fundi, una haki ya kutoa karatasi yako na kusema kwa adabu, "Hili bado." Nawe msimamizi, usilichukulie neno hilo kuwa ukaidi.

Sheria inasemaje? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko tulioutaja. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Haikatwi katika mshahara wako. Mafao yake ni pamoja na matibabu, fidia ya ulemavu wa muda ambayo ni asilimia 70 ya mapato ya mwezi kwa kipindi kisichozidi miezi 24, fidia ya ulemavu wa kudumu, na huduma za utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudi katika maisha na kazi. Sheria inautambua pia ulemavu wa muda usio kamili. Kwa hiyo, ukirudi kwa kazi pungufu na malipo pungufu, usidhani kwamba mlango wa fidia umefungwa. Uliza.

Kwa upande wa ajira, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha kazi mtu aliyeumia, atafute maoni ya daktari, azungumze na mfanyakazi, na atazame kama kazi yake inaweza kubadilishwa au kama ipo kazi nyingine inayomfaa. Mtu akiwa ameumia kazini, mwajiri anatazamiwa kujitahidi zaidi ya hapo. Ukiachishwa bila hatua hizo, peleka lalamiko lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hupita upesi. Usizimalize kwa kungoja ahadi za simu.

Tunajua swali lililo midomoni mwenu: "Mimi ni kibarua, sina mkataba. Hayo yananihusu?" Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa, na kimojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kwa hiyo andika siku zako za kazi kwenye daftari, na tunza ujumbe wa malipo ulioingia katika simu. Daftari la shilingi chache laweza kuwa shahidi wako mkuu.

Hatutawadanganya, hata hivyo. Fundi anayejitegemea, asiye na mwajiri, fidia hiyo haimfikii. Kwake yeye kinga ni vifaa vya usalama, bima ya afya, akiba, na umoja na mafundi wenzake. Kikundi cha mafundi kikikubaliana kwamba aliyeumia atapewa kazi ya kupima na kukadiria vifaa hadi apone, hapo kimetenda jambo lilelile tunalolizungumzia, bila kungoja sheria.

Ndugu waajiri, hatuwaombi sadaka. Fundi mliyemzoea anajua kazi zenu, wateja wenu na makosa ya vijana wenu. Kumpata mwingine wa namna hiyo ni gharama. Lakini msimpe kazi ya kumdhalilisha, kama kumkalisha chini ya mwembe kutwa nzima ili achoke na kuondoka mwenyewe. Hiyo si kazi inayofaa. Ni kumfukuza polepole.

Nanyi wateja, mnaojenga nyumba na kuagiza milango na vitanda, mna sehemu yenu. Kabla ya kumpa mkandarasi kazi, muulizeni kama amejisajili katika Mfuko na kama mafundi wake wana kofia, miwani na viatu vya kazi. Mkimwona fundi mwenye bendeji akipima badala ya kubeba, msimwambie msimamizi, "Huyu mvivu nimlipie nini?" Huenda yeye ndiye anayehakikisha kwamba ukuta wenu haupindi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hulitengeneza koleo lake, na wakati linatengenezwa hafungi karakana. Hushika kazi ambayo haihitaji koleo. Tunawaomba nasi tutende hivyo kwa wenzetu. Yule aliyeumia juzi, yupo nyumbani anasikiliza kama simu italia. Mpigieni leo. Msimuulize tu, "Unarudi lini?" Muulizeni, "Daktari amesema unaweza kufanya nini?"