Kuomba kwa Jina Lake

Maneno yaliyosemwa mbele ya waamini na walimu wa Mwembesongo



Tumeombwa katika jubilei hii tuseme maneno machache juu ya sala. Jimbo letu la Morogoro lilipata cheo cha jimbo mwaka 1953, bali mbegu yake ni ya zamani zaidi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1877 wakafungua ile ya Mhonda. Katika Wakristu wa kwanza wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Kila mmoja wao alibatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nasi tulio wajukuu wao kwa imani twaanza sala kwa jina hilo hilo, tena twaimaliza kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Jina twalitaja asubuhi na jioni. Je, maana yake twaijua?

Sisi wenyewe hatukuijua, na tutawaambia jinsi tulivyogundua ya kuwa hatuijui.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaa huu alituita usiku, maana mtoto wake alishikwa na homa kali. Tukasali rozari, tukamwombea mtoto kwa jina la Yesu, kisha akachukuliwa hospitali. (Walimu, shikeni neno hili: mtoto mgonjwa na apelekwe kwanza, sala yafaa kusaliwa njiani.) Kulipopambazuka mtoto akafariki. Matanga yalipokwisha, mama akatuuliza, “Mwalimu, Injili yasema tukiomba kwa jina lake tutapewa. Tuliomba. Kosa letu lilikuwa wapi?” Tukamjibu upesi kwamba pengine imani yetu ilikuwa haba. Jibu hilo lilikuwa baya. Lilimtwika mzigo wa pili mtu aliyekwisha kulemewa na wa kwanza. Akanyamaza, nasi tukaondoka, wala usiku ule hatukupata usingizi.

Basi tukaanza kutafuta jibu jingine.

Mtazameni mtoto anayetumwa dukani. Afika, asema, “Baba amenituma nipewe sukari kilo moja.” Mwenye duka hampimi mtoto kwa kimo chake, anamjua baba, naye ampa. Lakini mtoto akiongeza, “Na peremende nne,” hapo hasemi tena kwa jina la baba, ingawa jina lingali kinywani mwake. Asema kwa jina la ulimi wake mwenyewe. Sala zetu ngapi ni za namna hii! Twaomba mali, twaomba jirani aaibike, kisha twaweka jina la Yesu mwishoni kama karani apigavyo muhuri barua ambayo mkubwa wake hakuiona.

Wako pia wanaolifanya jina kuwa hirizi. Jambo hili si geni. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, chatusimulia habari za wana saba wa Skewa huko Efeso, waliojaribu kufukuza pepo kwa jina la Yesu anayehubiriwa na Paulo. Angalieni: wa Paulo, si wao. Pepo akawaambia ya kuwa amjua Yesu na Paulo pia, bali wao ni nani? Wakatoka mbio, uchi na wenye majeraha. Jina walikuwa nalo sawasawa, hata herufi moja haikukosekana. Walichokosa ni kumjua Mwenye jina.

Wazee wetu wa Uluguru wangaliweza kuwafundisha watu wale. Kwetu jina hurithiwa. Mzee wa ukoo akifariki, mtu wa upande wa mama huwekwa mahali pake, naye hulichukua jina lake. Hivyo jina la Kingalu wa Kinole, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya mvua, limepita toka mtu hata mtu kwa vizazi vingi. Anayelichukua hapati sauti ya marehemu tu. Apata na kazi zake, ardhi ya ukoo ya kuitunza, ugomvi wa kuupatanisha, wajane na yatima wa kuwaangalia. Mtu akitaka jina bila kazi, wazee humcheka. Nasi tulipobatizwa tulipewa jina la Kristu tuitwe Wakristu. Je, kazi yake tuliipokea?

Na kazi hiyo ni nini? Hapa ndipo tulipokawia sana. Ahadi ile ya kuomba kwa jina lake imeandikwa na Mtakatifu Yohane, katika sura ya 14 na ya 16. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi tusiangalie saa yake. Ilitolewa katika karamu ya mwisho, usiku ule ule aliokamatwa. Aliyetoa ahadi alitoka mezani akaenda bustanini, naye akaomba mwenyewe. Aliomba kikombe kimwepuke. Tena alikuwa Mwana. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Kikombe hakikuondolewa. Bali aliyaweka mapenzi ya Baba mbele ya yake, na Baba hakumwacha kaburini.

Kuomba kwa jina lake, basi, ni kusimama pale aliposimama yeye, na kusema na Baba kama yeye alivyosema: kuomba tunachokitaka bila kuficha, hata kwa machozi, kisha kumwachia Baba neno la mwisho. Sala ya mama yule ilikuwa ya namna hiyo kabisa. Hakuongeza peremende. Alimtaka mwanawe aishi, na Mungu mwenyewe ndiye aliyetia upendo huo katika moyo wa mama. Kwa nini mtoto hakupona hatujui, wala hatutajifanya tena kujua.

Tulikwenda kwake tukamwambia haya, tukamwomba radhi kwa jibu letu la kwanza. Hakusema neno. Alituletea kigoda, naye akaketi juu ya mkeka. Baada ya kitambo akaanza yeye ishara ya msalaba, nasi tukamfuata.