Jirani Anapolitazama Kanisa: Malezi ya Vijana Wakristo Baada ya Shakahola



Tangu Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kijana Mkristo wa pwani hii hana pa kulikwepa swali la wenzake: dini yenu inawafanyia nini watu? Miili iliyofukuliwa ilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie, anayeshtakiwa kwa vifo vya waumini wake hao, amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama.

Sisi wazee tumewapa vijana jibu la haraka: lile halikuwa kanisa. Kwa upande wa mafundisho, naliunga mkono kabisa. Lakini jirani aliiona Biblia, akalisikia jina la Yesu. Ukimwambia tu kwamba wale si wetu, atajua umeikimbilia heshima yako kabla hujawalilia waliokufa.

Tena lipo lililo zito zaidi. Mwaka 2017 Mackenzie alishtakiwa kuhusu mahubiri yaliyowatoa watoto shuleni. Dalili ilikuwa wazi, kila mwenye macho aliiona. Waliokuja kupaza sauti ni jamaa za waumini na wanaharakati wa haki za binadamu wa Malindi. Mimbari zetu hazikuvuma kama wao. Kijana akilijua hilo, hatamwona tena anayelikosoa kanisa kuwa adui wa imani. Huenda mkosoaji ndiye anayemlinda mtoto wetu.

Hata hivyo, si kila analosema mtu wa nje ni kweli. Warumi walivumisha kwamba Wakristo hula nyama ya watu. Kumbe gavana Pliny, ambaye hakuwa na huruma nao, alipowahoji mnamo mwaka 112 alimwandikia Kaizari Trajan kwamba chakula chao ni cha kawaida. Miaka 250 baadaye Kaizari Julian, aliyeiacha imani ya Kikristo na kuichukia, alilalamika katika barua kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na hata maskini wasio wao. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo, maana umetoka kinywani mwa mpinzani. Vijana wasomeshwe barua hizo mbili pamoja na habari za Shakahola, wajifunze kupambanua uvumi na ukweli.

Basi nawaomba walimu wa kipaimara watenge vipindi vya kumkaribisha mwanafunzi Mwislamu, au kijana aliyeacha kuja ibadani, aeleze anavyotuona: vipaza sauti vya mkesha, sadaka za wanasiasa, miujiza inayotangazwa kwenye mabango. Najua wazazi wataogopa kwamba imani ya watoto itatikisika. Mimi naogopa zaidi imani isiyowahi kuulizwa kitu. Mgeni azungumze mpaka amalize. Kijana wetu asiruhusiwe kumjibu siku hiyo. Aulize tu, kisha wiki inayofuata aje na lile moja alilosikia ambalo anaona ni kweli.