MASHAKA YETU JUU YA BIMA YA AFYA YA SERIKALI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kileleshwa)



Sisi mawakala wa bima hapa Kileleshwa twaulizwa kila siku: "Je, tuache bima za kampuni, maadamu Serikali ina yake?" Ni kweli twala kwa kamisheni, wala hatufichi. Lakini tusikilizeni.

Mfuko wa NHIF uliundwa mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na SHA. Sasa kila mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mwenye Shs. 20,000 alikatwa 750, sasa 550. Mwenye Shs. 100,000 alikatwa 1,700, sasa 2,750. Mwenye nacho kumsaidia asiye nacho, hilo hatulipingi. Ndiyo desturi ya chama.

Shaka yetu ni hii: makato ni ya lazima, matibabu je? Tumeona mtu amekatwa miezi yote, na mlangoni pa hospitali akaambiwa alipe taslimu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi jiandikisheni, ninyi na jamaa zenu. Ulizeni hospitali yenu yatibu nini kwa SHA. Ndipo mwamue kuacha bima ya kampuni au kuishika. Na pesa zikikatwa, tudai haki yake kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.