Jicho la Pili la Louis

Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mtoto wa miaka mitatu aliingia karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Akachukua chuma cha kutobolea ngozi, kikamponyoka, kikamchoma jicho. Jicho moja tu. Lakini alipofika miaka mitano alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Huyo ndiye Louis Braille, aliyekuja kutuachia maandishi ya nukta nundu.

Jicho la pili lilikuwa na kosa gani? Madaktari wengi wa leo wanaamini lilishambuliwa na seli za kinga za Louis mwenyewe.

Sehemu za ndani za jicho huishi kama mwali. Kuta za mishipa ya damu kwenye retina zimebanana, hivyo seli nyeupe za damu hupita barabarani bila kuingia uani, na nyingi hazijapata kuzizoea protini za humo. Jicho likitobolewa, mwali anaonwa na watu wasiomjua. Vipande vya protini zile hufika kwenye tezi za limfu, na huko seli ziitwazo T huzichukulia kuwa adui. Seli hizo huzaana, huingia kwenye damu, kisha huzisaka protini zile popote zilipo. Nazo zimo katika macho yote mawili. Seli T hazijui ni jicho gani lililochomwa!

Zikifika, huita seli walaji, makrofaji, na tabaka la mishipa lililo nyuma ya retina huvimba. Ugonjwa huu ni nadra. Mara nyingi huanza kati ya wiki mbili na miezi mitatu baada ya jeraha, ingawa waweza kuchelewa miaka. Jicho lililokuwa zima huona ukungu, huumia, huchukia mwanga, bila tongotongo. Hapo mtu huweza kukimbilia matone ya dukani akidhani ni macho mekundu ya kawaida.

Dawa kuu ya ugonjwa huu ni steroidi, inayozituliza seli hizo. Mojawapo ya steroidi hizo, kotizoni, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1948, miaka 136 baada ya ajali ya Louis. Lakini steroidi huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo hutolewa kwa kupimwapimwa.

Basi jicho moja likianza ukungu, mtajie daktari jeraha la lile jingine, hata kama ni la zamani.